Mlandizi Hulea, Dar Husajili

Jumamosi ya tarehe 26 Agosti 2017, Ruvu Shooting ilitoka Mlandizi, wilaya ya Kibaha, ikaenda Dar es Salaam kufungua msimu mpya wa Ligi Kuu dhidi ya Simba. Ilifungwa mabao 7-0, na Emmanuel Okwi peke yake alifunga manne. Mashabiki wameyakumbuka mabao hayo, lakini kwa anayetaka kujua timu za nchi hii zinaundwaje, cha kutazama ni miezi miwili iliyotangulia mchezo ule.

Katika dirisha la usajili la mwaka huo, Simba ilikuwa na njaa ya miaka mitano. Ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa msimu wa 2011/12. Ikaenda Chamazi kwa Azam, ambako mikataba ya wachezaji kadhaa ilikuwa imefika mwisho, ikarudi na wanne kwa mpigo: kipa Aishi Manula, mabeki Shomari Kapombe na Erasto Nyoni, na John Bocco, mshambuliaji aliyekuwa uso wa Azam kwa takriban muongo mzima. Ikavuka barabara hadi Jangwani, ikamchukua Haruna Niyonzima wa Yanga, naye akiwa amemaliza mkataba. Okwi akarejeshwa kutoka Uganda. Mwisho wa msimu Okwi alikuwa mfungaji bora kwa mabao 20, Simba ikawa bingwa, na ikaendelea kuutwaa ubingwa mara nne mfululizo hadi 2020/21. Ilikuwa timu iliyojengwa haraka sana, kwa wachezaji ambao wengi wao hawakuwa na mkataba na mtu.

Waliofungwa saba walikuwa wamejengwa kwa njia nyingine kabisa. Ruvu Shooting ni timu ya kambi, mtoto wa 832 KJ, kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa kilichopo Ruvu. Uwanja wake wa Mabatini upo Mlandizi, pembeni ya Barabara ya Morogoro. Kijana wa timu kama hiyo hakuletwa na wakala wala hakupigiwa simu na tajiri. Nafasi za kujitolea JKT zilitangazwa, akaenda kwenye usaili, akavaa kombati, akakimbia mchakamchaka alfajiri, na kwenye mechi za kombania mtu akagundua kwamba huyu akipewa mpira haupotezi. Wengine walikuja wakiwa raia kwa mkataba wa kawaida wa soka, lakini kiini cha timu, yale maisha ya kula pamoja na kulala pamoja mwaka mzima, kilikuwa cha kambi.

Wamarekani wameshindana na swali la nani apate wachezaji bora, na kwa njia gani, kwa karibu karne nzima. Kwenye NFL, ligi ya soka lao la Kimarekani la kushika mpira mikononi na kuvaa kofia ngumu, Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, alichoka kuona timu tajiri zikinyakua kila kijana bora wa vyuo. Mwaka 1935 akapendekeza mgawo: timu iliyoshika mkia ichague ya kwanza, bingwa awe wa mwisho. Mgawo wa kwanza ulifanyika mwaka 1936, na kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger, hakucheza ligi hiyo hata dakika moja; alikwenda kutafuta maisha mengine. Ilibidi wangoje hadi 1993 ndipo mchezaji wa ligi hiyo aliyemaliza mkataba aruhusiwe kwenda anakotaka kwa uhuru wa kweli. Tanzania nayo ina mtu wake katika historia ya migawo ya Marekani. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Connecticut, alichaguliwa wa pili katika mgawo wa mpira wa kikapu na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba.

Ulaya haikuwa na mgawo, ila ilikuwa na kifungo. Mchezaji aliyemaliza mkataba aliendelea kuwa mali ya klabu hadi klabu nyingine ilipe. Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyekataliwa na RFC Liège kuhamia Dunkerque ya Ufaransa, alikwenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikakivunja kifungo hicho. Uhuru waliokuwa nao Manula na wenzake mwaka 2017 una asili yake katika hukumu hiyo, hata kama hakuna aliyemtaja Bosman siku walipomwaga wino Msimbazi, makao ya Simba.

Huku kwetu chanzo cha wachezaji kilikuwa shule na kazi, na wilaya ya Kisarawe, jirani ya Kibaha, ipo kwenye mlango wa habari hii. Shule ya St. Andrew's ya Kiungani, Zanzibar, iliyokuwa ya wamisionari wa UMCA, ni mojawapo ya mahali pa mwanzo kabisa ambapo Waafrika wa pwani hii walicheza kandanda, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 chuo hicho kilihamishiwa bara, kwenye vilima vya Kisarawe, mahali panapoitwa Minaki. Vijana walikuja kutoka majimbo mengi, wakasoma, wakacheza, kisha wakatawanyika kuwa walimu na makarani, kila mmoja akiubeba mchezo alikopangiwa. Kwa miongo mingi mwalimu ndiye aliyekuwa jicho la kwanza. Alimwona mtoto uwanjani saa kumi jioni, akampeleka mashindano ya wilaya, na mashindano ya shule, ambayo leo tunayajua kwa jina la UMISSETA, yakamfikisha mkoani na taifani.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, kazi ikawa ndiyo mkataba. Soka lilikuwa la ridhaa, hivyo hakuna aliyeweza kumlipa mchezaji mshahara wa kucheza, lakini shirika la umma liliweza kumpa ajira ya ukarani au ya karakana. Ndiyo maana tulikuwa na Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi na CDA ya Dodoma. Mchezaji alihama timu kwa kuhama kazi. Aliyeumia goti hakufukuzwa kesho yake, kwani meza yake ofisini ilikuwepo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu tunapousimulia wakati ule tunataja vikombe tu, tunasahau kwamba ulikuwa mfumo wa kumtunza mtu, wenye kasoro zake zote.

Mashirika yalipoanza kufa katika miaka ya 1980 na 1990, timu zake nyingi zilikufa nayo. Wengi wa waliobaki na uwezo wa kumpa mchezaji ajira ni wenye sare: Magereza, Polisi, na JKT. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na mwaka 1966 sheria ya kuwalazimu wahitimu kujiunga nalo iliwafanya wanafunzi wa Chuo Kikuu waandamane hadi wakarudishwa makwao. Ulazima huo ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Kambi zilipokea pia vijana wa kujitolea, na kila kundi lililoingia lilikuwa na watu wa mpira ndani yake. Hakuna klabu ya kiraia nchini iliyowahi kupata nafasi kama hiyo ya kuwaona vijana wa mikoa yote wakiwa wamekusanywa mahali pamoja, bila kulipa senti ya kuwatafuta.

Jeshi lilifanya hivyo hata shuleni. Sekondari ya Makongo, chini ya Idd Kipingu, iliwaingiza darasani vijana wenye vipaji na kuwafundisha mpira na masomo kwa pamoja. Jerry Tegete alitoka pale kwenda Yanga akiwa bado kinda.

Turudi Mlandizi, kwani hapo ndipo njia hizi mbili zilipogongana waziwazi. Kocha Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa zamani wa Yanga, aliinoa Ruvu Shooting hadi ikawa timu isiyofungika kirahisi. Msemaji wake, Masau Bwire, aliifanya ijulikane nchi nzima kwa tambo za "kupapasa", na kwa miaka kadhaa timu ndogo ya kambi ilisikika redioni karibu sawa na wakubwa. Sifa hiyo ilikuwa na gharama. Msimu wa 2013/14 kiungo Hassan Dilunga alichukuliwa na Yanga. Mkwasa naye akaitwa Jangwani kuwa msaidizi wa Hans van der Pluijm. Mwaka 2014 mshambuliaji Elias Maguri akaenda Simba. Katika kipindi kisichofika mwaka, uti wa mgongo wa timu ulikuwa Dar es Salaam, na mwisho wa msimu wa 2014/15 Ruvu Shooting ikashuka daraja.

Tumfuate Maguri kidogo. Simba hakukaa sana. Mwaka 2015 alihamia Stand United ya Shinyanga, na huko akawaka. Tarehe 14 Novemba 2015, Taifa Stars ilipotoka sare ya 2-2 na Algeria Dar es Salaam, bao la kwanza lilikuwa lake na la pili la Mbwana Samatta. Kocha wa Stars siku hiyo alikuwa Mkwasa, mtu aliyemfahamu tangu Mlandizi. Mwaka uliofuata Maguri alikuwa Oman, akiichezea Dhofar ya Salalah. Njia hiyo ya kutoka kambi ya Ruvu hadi Ghuba haikuchorwa na skauti yeyote. Ilianza na kocha aliyekuwa na muda wa kumvumilia mshambuliaji asiye na jina, na muda ni kitu ambacho klabu zenye mashabiki milioni kadhaa hazina.

Ruvu ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2016/17 na kufanya jambo ambalo linastahili kutajwa zaidi ya linavyotajwa. Abdulrahman Mussa alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 14, sawa na Simon Msuva wa Yanga. Mfungaji bora wa nchi alikuwa anacheza Mabatini. Miezi michache baadaye ndipo yakaja yale saba.

Nisieleweke kwamba namlaumu mchezaji anayeondoka. Historia ya mikataba yetu inaonyesha aliyekuwa mnyonge ni nani. Kwa muda mrefu fomu ya usajili ilikuwa karatasi ambayo mchezaji alisaini na hakuiona tena. Kila dirisha lilikuwa na kesi ya mtu aliyesaini timu mbili, au aliyefichwa nyumbani kwa kiongozi hadi tarehe ya mwisho ipite. Mwaka 2012 Kelvin Yondani alihama Simba kwenda Yanga, Simba ikadai bado ni wake, na mwishowe akaidhinishwa Jangwani. Mwaka huohuo Mbuyu Twite, beki aliyekuwa APR ya Rwanda, aligombewa na klabu zote mbili, akatua Yanga.

Kesi iliyobadilisha mambo ni ya Ramadhani Singano, winga ambaye mashabiki walimwita Messi. Mwaka 2015 alisema mkataba wake na Simba ulikuwa wa miaka miwili na umekwisha. Klabu ikasema ni wa mitatu. Shauri likafika TFF, shirikisho la soka nchini, na Singano akatangazwa kuwa mchezaji huru. Akajiunga na Azam. Kijana mmoja alisimama mbele ya moja ya klabu kubwa mbili za nchi, akashinda, na tangu hapo wachezaji wengi wakaanza kusoma karatasi kabla ya kusaini. Bila Singano, sidhani kama dirisha la 2017 lingekuwa tulivu vile kwa wanne wale wa Azam.

Mpaka wa uhuru huo ulipimwa tena Desemba 2022. Feisal Salum, maarufu kama Fei Toto, ambaye Yanga ilimpata mwaka 2018 akitokea JKU, timu ya Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar, ndugu wa JKT upande wa visiwani, aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu na kutangaza kwamba amevunja mkataba. TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Suala lilizunguka miezi mitano hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoliombea suluhu mbele ya viongozi wa Yanga Juni 2023, na Azam ikamnunua. Aliyemaliza mkataba ni huru. Aliye ndani ya mkataba hauvunji kwa kuweka pesa benki. Ni somo lililochukua miaka minane kueleweka, kutoka Singano hadi Fei Toto.

Hata hivyo, katika kesi zote hizo walioitwa mezani ni mchezaji na klabu kubwa. Aliyemlea hakuitwa. Mfano unaoniuma zaidi unatoka tena Mlandizi, na ni wa wanawake. Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza kabisa katika historia ya nchi alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa barabarani usio na kiwanda cha bia wala tajiri wa kuibeba. Nyota wake alikuwa Mwanahamisi Omari, maarufu kama Gaucho, wa Twiga Stars. Kisha wenye uwezo wakaona kwamba soka la wanawake lina faida. JKT Queens ikatwaa ubingwa wa 2017/18 na 2018/19. Simba Queens, Gaucho akiwemo, ikachukua mitatu iliyofuata, na mwaka 2022 ikashika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake nchini Morocco. Ni mafanikio ya kweli na yanastahili pongezi. Lakini Mlandizi haikutwaa ubingwa mwingine, na leo ukimuuliza shabiki wa kawaida bingwa wa kwanza ni nani, atakutajia Simba.

Timu ya wanaume ya kambi nayo haikusalimika. Mwisho wa msimu wa 2022/23 Ruvu Shooting ilishuka tena. Ndugu yake, iliyoitwa JKT Ruvu hadi iliposhuka 2016/17 na kugeuka kuwa JKT Tanzania, ilipanda, ikashuka 2020/21, ikapanda tena kwa ajili ya msimu wa 2023/24. Ukizitazama timu hizi mbili pamoja utaona udhaifu wa njia ya kambi: inalea vizuri, lakini ikinyang'anywa watatu au wanne kwa dirisha moja, hakuna duka la kununua wengine. Wakati huohuo kanuni za Ligi Kuu zimekuwa zikipanua mlango wa nje. Kwa miaka ya karibuni klabu moja imeruhusiwa kusajili wageni hadi 12. Wenye fedha wananunua kutoka Burkina Faso na Congo, na uhaba wa nafasi unawabana hasa vijana waliokuwa wakipanda ngazi kupitia timu za katikati.

Kiluvya, kata ya Kisarawe inayopakana na Kibaha, imejaribu kupita katikati ya hayo yote. Timu yake imecheza daraja la kwanza, na msimu wa 2024/25 ilikuwa kwenye Championship, hatua moja chini ya Ligi Kuu. Haina kambi ya jeshi nyuma yake wala bilionea. Wachezaji wa timu za ngazi hiyo ni mchanganyiko: kijana aliyeonekana kwenye ndondo za mitaa, mkongwe aliyetemwa Ligi Kuu na sasa ni huru, na kinda wa mkopo kutoka klabu kubwa. Kila Juni wengi wao mikataba yao inaisha kwa pamoja, na kocha huanza Julai akiwa na nusu ya kikosi.

Dawa ipo kwenye sheria, ingawa inafika nusu ya safari. Mwaka 2001 FIFA iliweka malipo mawili kwa ajili ya walezi. La kwanza ni fidia ya mafunzo, inayohesabu miaka ya mchezaji kati ya 12 na 21. La pili ni mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa timu zote alizopitia kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila dola milioni moja ya mauzo, msimu mmoja wa kumlea mtoto wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya dola 2,500, na msimu mmoja kuanzia miaka 16 una thamani ya dola 5,000. Dola 5,000 kwa timu ya Kisarawe ni mipira, jezi na nauli za msimu mzima.

Lakini kanuni hizo zimelenga uhamisho wa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kijana akitoka Mlandizi kwenda Msimbazi, yanayomlinda mlezi wake ni yale tu ambayo shirikisho la ndani na klabu zenyewe zimekubaliana, na akiondoka akiwa huru hakuna bei ya kukata asilimia. Hapa ndipo TFF inapopaswa kuweka fidia ya ndani inayolipwa hata kwa mchezaji huru, angalau hadi afikishe miaka 23, ilipwe na klabu inayompokea, mchezaji mwenyewe asikatwe hata shilingi.

Hata ikiwekwa kesho, kuna kazi ya kufanywa leo katika ofisi za vyama vya soka vya Kibaha na Kisarawe, chini ya COREFA, chama cha mkoa wa Pwani. Tangu Novemba 2022 malipo ya walezi hupitia kitengo maalumu cha FIFA kinachosoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, na pasipoti hiyo huundwa na usajili tu. Mtoto wa miaka 12 anayecheza leo Kiluvya au Mlandizi bila jina lake kuingizwa kwenye mfumo, miaka hiyo haitaonekana atakapouzwa akiwa na 22. Fomu inataka jina, tarehe ya kuzaliwa, picha na klabu. Dirisha la usajili wa vijana halihitaji dau. Linahitaji katibu wa wilaya mwenye kompyuta, na mwalimu atakayewaleta watoto na vyeti vyao vya kuzaliwa.